Patasi za Mpini wa Njano

Harufu ya mninga uliopasuliwa ndiyo iliyokuwa ikituamsha nyumbani kwetu Mshangano, Songea. Karakana ya baba ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa jikoni, na vumbi jekundu la mbao lilipenya kila mahali: kwenye mashuka, kwenye unga, hata kwenye nywele za mama. Baba alikuwa seremala. Vifaa vyake aliachiwa na mzungu aliyemfundisha kazi misheni, ambaye alipokuwa akirudi kwao alimkabidhi sanduku zima, lenye randa, misumeno, nyundo na patasi. Patasi zile zilikuwa zimenolewa miaka mingi hata zikabaki fupi kama kidole gumba, lakini baba alizigusa kwa namna ambayo sisi watoto wake hatukuizoea kwenye vichwa vyetu. Hakumwazima mtu.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi. Maduka niliyoyajua kwa rafu tupu na foleni ya sabuni yalikuwa yamejaa ghafla, na karibu na stendi ya Songea wafanyabiashara walitandaza maturubai chini wakapanga nyundo, misumeno na bisibisi zinazong'aa, kwa bei ambayo hata kibarua angeweza kujipapasa mfukoni akatabasamu. Baba alikuwa akipita pale bila kugeuza shingo. Lakini nilipokuwa darasa la tatu alipata kazi ya madawati ya shule moja ya upande wa Namtumbo, nayo yalitakiwa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Peke yake asingeweza. Akamwita mdogo wake, baba mdogo Kastori, mkulima wa tumbaku aliyejua useremala vizuri ila hakuwahi kumiliki hata nyundo. Sanduku la baba halikutosha watu wawili, na vifaa vya namna ile vilihitaji kuagizwa Dar es Salaam. Basi siku moja ya mvua nilikwenda na baba stendi. Alichukua patasi yenye mpini wa njano, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza.

"Hii itaweza mninga?" akauliza.

"Inatosha kabisa, mzee," muuzaji akajibu. "Tunduru nzima wanatumia hizihizi."

Baba alinunua seti nzima.

Misumeno ndiyo iliyochoka kwanza. Siku ya tatu meno yalikuwa yamelala, na tupa iliteleza juu yake kama inayopitishwa kwenye kioo. Baba mdogo hakulalamika. Alikata ubao mmoja kwa muda ambao baba alikata mitatu, jasho likimdondoka puani, mvua ikipiga mabati juu yetu. Mimi nilikuwa nakusanya maranda ya kuwashia jiko asubuhi ile patasi ilipokatika. Alikuwa akichimba tundu la mguu wa dawati, akaigonga, akaibinya kando ili ang'oe kipande cha mbao, nikasikia mlio mdogo tu, kama wa kijiti kikivunjika. Baba mdogo aliinama polepole, akaweka kiganja kwenye jicho la kushoto. "Kaka," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "sioni." Mama alimfunga kwa kipande cha kanga, baba akampakia kwenye baiskeli akaisukuma kwenye matope mpaka hospitali. Madaktari walijitahidi. Jicho halikupona.

Madawati baba aliyamaliza peke yake, kwa vifaa vyake vya zamani, akifanya kazi toka alfajiri na akila amesimama. Hakumgombeza mtu. Alikonda tu. Baba mdogo alipotoka hospitali alikaa kwetu wiki kadhaa, na jioni moja tukiwa tunakula ugali na dagaa alisema kwamba kesho yake angekwenda stendi kununua patasi nyingine.

Baba aliacha kula. "Zilezile?"

"Zilezile."

"Zimekutoa jicho, Kastori! Takataka zile!"

"Ni takataka, najua." Baba mdogo alinawa mkono taratibu. "Lakini zako ulipewa, kaka. Mimi nani alinipa? Miaka yote nimeijua kazi hii, nikakaa nalima tumbaku kwa kukosa nyundo. Leo naweza kuinunua, halafu uniambie niiache?"

Baba alisukuma bakuli lake kando. Kisha akasema, "Usiwe unaibinya. Igonge tu, uitoe, uigonge tena," na mama akainuka kuondoa vyombo ingawa hatukuwa tumemaliza.

Baba mdogo alifungua karakana yake Namtumbo. Alivunja misumeno na nyundo nisizoweza kuzihesabu, lakini alijenga nyumba, akasomesha watoto, akafundisha vijana ambao nao walianza kwa vifaa vya turubai. Baba alikufa akiamini kwamba ndiye aliyempofusha mdogo wake. Wote wawili nilikuwa nikiwaona wana haki, na bado naona hivyo, jambo ambalo halinipumzishi.

Sasa mimi ni mwalimu, najenga nyumba yangu tofali kwa tofali kadiri mshahara unavyoruhusu. Mwezi uliopita fundi wangu alihitaji drili ya umeme. Dukani kijana aliniwekea mbili kaunta. "Mama, unataka orijino au ya kawaida?" Zilifanana kila kitu, mpaka maandishi ya boksi. Watu wa siku hizi hawagongi chuma kwa ukucha wakasikiliza, na hata ningegonga nisingejua ninasikiliza nini. Nilisimama pale mpaka wateja wa nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikachukua ya kawaida, kwa sababu ndiyo niliyoiweza bei yake. Fundi aliipima mkononi, akaanza kutoboa ukuta. Nilikaa chumba cha pili nasahihisha madaftari, na kila drili iliposita niliacha kalamu nikatoka kwenda kumtazama usoni.