Shule ya Sengerema Ambayo Sikuifikia

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopata kazi ya ukarani katika shule ya chekechea kule Nyegezi. Ilikuwa miaka ile ya tisini, watu binafsi walipoanza kufungua shule, maduka ya dawa na kila kitu. Mwenye shule alikuwa muuguzi mstaafu, mama mkali mwenye huruma. Watoto wetu hawakuzidi arobaini.

Ili tusajiliwe, tulitakiwa kupeleka orodha ya wafanyakazi, na kwa kila mmoja barua ya balozi wa nyumba kumi pamoja na maelezo ya alikofanya kazi mwanzo. Mpishi na mlinzi walikuwa wenyeji, mambo yao yakaisha siku moja. Akabaki mwalimu mpya, dada mcheshi aliyesema amefundisha Sengerema. Shule ile haikuwa na simu.

"Nenda mwenyewe," mama akaniambia. "Muulize mwalimu mkuu wake kama angemwachia mtoto wake wa kumzaa. Usirudi bila jibu."

Nilifika kivuko cha Kigongo saa nne asubuhi, nikakuta feri ya kwenda Sengerema imeharibika. Watu wameketi juu ya mizigo yao. Dada yangu alikuwa ameolewa Usagara, hapo nyuma tu. Nikaenda kumsalimia, akanikaangia sato, akanisuka, tukacheka. Alasiri tukasikia feri imepona. Ningeweza kuvuka, nikalala ng'ambo, asubuhi nikaonana na mwalimu mkuu. Sikuvuka. Kesho yake, kwa mwandiko wangu mzuri ambao wote waliusifu, niliandika: "Ameuliziwa alikotoka. Hakuna tatizo." Mama akatia sahihi.

Miezi mitatu ilipita salama. Mwalimu alijua kuimba, watoto walimpenda, nami nikasahau kabisa. Halafu Jumatano moja mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge mjini alikuja kumchukua binti yake wa miaka mitano, asimwone. Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Tulitafuta chooni, jikoni, mpaka kwenye majabali nyuma ya shule. Nilipopita karibu na stoo ya mkaa nikasikia sauti nyembamba, nikadhani paka. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Nililivunja kwa jiwe.

Mtoto alikuwa amejikunyata kwenye kona, amejikojolea, kucha zinavuja damu kwa kuukwangua mlango. Alikuwa mle tangu saa ya uji. Mwalimu alimfungia kwa sababu aliumwaga uji huo.

Mwalimu alifukuzwa. Mama mwenye shule akavuka mwenyewe kwenda Sengerema, na aliporudi aliniita ofisini akafunga mlango.

"Kule walimwondoa kwa jambo hilihili. Mwalimu mkuu ananishangaa, mbona hatukwenda kuuliza. Wewe uliongea na nani?"

"Sikuvuka, mama. Feri ilikuwa mbovu."

"Siku nzima?"

"Asubuhi tu."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Sahihi ni yangu," akasema mwishowe. "Wakijua, wanatufungia. Hili litabaki kwetu wawili."

Nilishusha pumzi. Nasikia aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa: kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu.

Wiki iliyofuata mama wa mtoto akaniletea kitenge kipya. "Isingekuwa wewe, mwanangu angefia mle," akaniambia. "Kila nikisali nakutaja." Binti alikuwa bado hajaanza kusema tena. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Tulikutana tena baada ya miaka sita, stendi, akisubiri basi la Shinyanga. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha, na kabla hajaanza kunishukuru tena nikamweleza yote: feri, sato, yale maneno niliyoyaandika. Alinisikiliza akiwa ameshika kamba ya begi lake.

"Ulikuwa unasukwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mpaka leo anaoga mlango wazi. Nasimama mimi nje, nimzuilie watu."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Kondakta akaita abiria; yule mama akainua begi lake, akapanda. Nilibaki chini ya dirisha lake mpaka basi likaondoka, na muda wote ule alikuwa akitazama upande mwingine.