Generoza na ngoma iliyoanza kwa mguu wa kushoto

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, lori limeegeshwa pembeni ya uwanja wa mpira mjini Biharamulo. Nyuma yake amesimama Generoza Fideli, pini mbili zikiwa zimebanwa kwa meno, akikaza fundo la kitenge kwenye bega la mcheza ngoma wa kwanza. Anavuta, anaangalia, anampiga kofi dogo la mgongoni. Wa pili anasogea.

Wanawake ni ishirini na wanne. Kumi na wawili wamefungwa fundo bega la kulia, kumi na wawili bega la kushoto. Mpita njia anaweza kudhani mwalimu ana haraka na amechanganya, lakini hajachanganya chochote.

"Leo sitaki kusikia mtu anasema kulia wala kushoto," anawaambia bila kutoa pini mdomoni. "Mtazame aliye mbele yako, basi. Akienda, nenda naye."

Wanaitikia kwa pamoja, wengine kwa Kihangaza, wengine kwa Kirundi, na mmoja kwa Kiswahili cha darasani. Wanacheka kwa woga. Mwandishi wa makala haya naye anacheka hivyohivyo, ingawa yeye hachezi.

Ni mwezi Juni, 1998, siku ya tamasha la ngoma za ujirani mwema. Wakimbizi wamepewa vibali vya siku moja kutoka kambini. Kwa Generoza siku hii ni nzito kuliko sherehe yenyewe, kwani shirika la misaada linalomlipa limemwambia wazi: wenyeji na wakimbizi wakishindwa kucheza pamoja leo, darasa lake litafungwa mwisho wa mwezi.

Darasa hilo hukutana chini ya turubai, ukingoni mwa kambi ya wakimbizi wilayani Ngara, asubuhi tatu kwa wiki. Generoza, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, hulifikia kwa baiskeli ya mumewe, Ansbert, akitokea Ntobeye anakolima migomba na maharage. Nusu ya safari ni kupanda vilima akiikokota. Malipo yake ni shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi, na anasema waziwazi kwamba hata wangempa sabuni tupu angeenda.

"Kabla ya darasa, wanawake wa kijiji na wanawake wa kambini walikuwa wanakutana msituni tu, wakigombania kuni," anasema. "Sasa wanagombania hatua. Hiyo ni afadhali sana."

Hatua, au intambwe kama wanavyosema wenyewe, ndiyo mwanzo wa kila kitu kwake. Ngoma anayofundisha wao huiita amahembe, yaani pembe. Ni ya wanawake, ya kumtoa bibi harusi ndani ya nyumba, na mikono huinuliwa juu mithili ya pembe ndefu za ng'ombe wa huko. Mgeni huikimbilia mikono. Generoza hairuhusu mikono kwa wiki mbili nzima.

"Mtu asiyejua intambwe akiinua mikono anakuwa kama anafukuza ndege shambani," anasema, na hapo anamtazama mwandishi kwa namna ambayo haihitaji maelezo.

Unyayo hukanyaga wote kwa mara moja, kisigino kisitangulie. Goti hulegea kidogo. Kisha linakuja kanyago la pili, dogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Ukishalizoea hilo ndipo mikono inapanda, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, mkono mmoja juu ya mwingine. Shingo huinama mwisho kabisa, tena kwa kuchelewa. Mwandishi alijaribu. Wanawake wa darasa walishika mbavu, na mpiga ngoma akaacha kupiga ili acheke vizuri.

Mpiga ngoma huyo ni Shibuda, Msukuma aliyeoa Ngara, mtu mwenye mabega ya mpasua magogo. Alikulia kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, ambako jembe hurushwa hewani na kudakwa huku ngoma zikienda mbio.

"Kwetu ngoma ndiyo inamkimbiza mchezaji," anasema Shibuda. "Huku mchezaji ndiye anaikokota ngoma. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nafika mwisho wa wimbo peke yangu."

Generoza alizaliwa Burundi, kwenye kilima kimoja karibu na mpaka. Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na miwili, alivuka na wazazi wake usiku na mchana hadi Ntobeye, na hapo wakapewa shamba. Hakubeba kitu. Ngoma aliyokuwa ameitazama uani kwa jirani aliibeba kichwani, na alipokuwa msichana mkubwa akaanza kuwafundisha wenzake wa kijijini. Miaka ikapita. Hakuna harusi ya Ntobeye iliyofanyika bila amahembe yake, na kila bibi harusi alitolewa ndani kwa mguu wa kushoto.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro, na hakuna aliyeijua.

Wiki tatu kabla ya tamasha, watu wa shirika waliagiza wanawake wasimame mstari mmoja wakiwa wamechanganyika, mwenyeji, mkimbizi, mwenyeji, mkimbizi. Hadi siku hiyo kila upande ulikuwa umefanya mazoezi kivyake, wenyeji wakiwa nyuma ya mwalimu, wakimbizi wakitazamana naye. Shibuda akapiga. Mstari ukaanza.

Ikawa patashika. Wenyeji walikwenda kushoto, wakimbizi wakaenda kulia. Vichwa viligongana, mtu akaanguka na kumvuta mwenzake. Tecla, mwanamke wa kijijini mwenye maneno mengi, alitoka na nundu ya paji la uso ambayo bado anaionyesha kwa fahari.

"Nikawaambia, ninyi mmekosea," anasimulia Tecla. "Wakasema, ninyi ndio mmekosea. Nikasema, mimi nimeolewa kwa ngoma hii, nitakuwaje nimekosea?"

Wakimbizi nao walikula kiapo kwamba amahembe haijawahi kuanza kwa mguu wa kushoto tangu dunia iumbwe. Pande mbili zikakaa mbalimbali, na kuni za msituni zikaanza kutajwa tena. Generoza akabaki katikati, amejishika kiuno.

Aliyesimama siku hiyo ni Kanyange, mkimbizi wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mpole wa sauti. Wenzake humwita mukecuru kwa heshima, ingawa yeye husema bado hajazeeka kiasi hicho. Alimwomba Generoza acheze peke yake, taratibu, bila ngoma. Generoza akacheza. Kanyange akamtazama hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja.

"Mwalimu, ulipokuwa mtoto, mlikuwa mnakaa wapi ngoma ikichezwa?"

"Mbele," alijibu Generoza. "Watoto tulikalishwa chini, tukiwatazama wachezaji usoni. Kucheza tulikuwa hatujaruhusiwa."

"Kando ya ua wa minyaa?"

"Ego, ndiyo. Wa minyaa. Ulikuwa na pengo, mbuzi walikuwa wanapitia hapo."

Kanyange akaziba mdomo kwa kiganja. Uani kwingine, alieleza baadaye, watoto hukaa nyuma ya wachezaji, au pembeni. Ni kwenye kilima chao wawili tu, yeye na Generoza, watoto walikokalishwa mbele, kwa sababu ya mbuzi wale, ili waweze kuwafukuza. Mtoto aliyekaa mbele akiuona mguu wa kulia wa mchezaji, kwake uko upande wa kushoto. Akiuiga, anautoa wa kushoto. Generoza alikuwa ameibeba ngoma yote bila kupoteza hatua hata moja, ila aliibeba kama sura ya mtu kwenye kioo.

"Kosa lake ndilo lililonionyesha kwao," anasema Kanyange. "Mimi nilikuwa nacheza uani pale, wa tatu kwenye mstari. Huyu alikuwa ananitazama mimi."

Generoza alilia mbele ya darasa lake, na hana aibu kulisema. Alilia kwa furaha, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita hakuwa amekutana na mtu mwingine wa ua ule. Alilia pia kwa hasira, kwa sababu alikuwa amefundisha kijiji kizima kinyume.

Kujua kosa hakukulirekebisha. Kwa siku kumi alijaribu kuanza kwa mguu wa kulia. Alifanya mazoezi akipalilia maharage, akichota maji, akimsubiri Ansbert atengeneze mnyororo wa baiskeli. Mwili ulikataa katakata. Mbele ya darasa alijikwaa kwa miguu yake mwenyewe, na wanawake wa kijijini waliojaribu kumfuata walikuwa taabani zaidi. Zilibaki siku kumi na moja. Mtu wa shirika alikuja, akatazama, akaandika kitu kwenye daftari lake na kuondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Kanyange alimshika mwalimu mabega, akamsimamisha mahali, kisha akarudi nyuma hatua sita na kugeuka. Wakatazamana.

"Sasa cheza ya kwako," alisema. "Na mimi nicheze yangu."

Shibuda akapiga. Mguu wa kushoto wa huyu na wa kulia wa yule ukakanyaga upande uleule. Wakaenda pamoja, wakarudi pamoja, mikono ikapanda pamoja. Halafu Tecla akasimama na nundu yake, akaenda kusimama kando ya Generoza, na mwanamke mmoja wa kambini akasimama kando ya Kanyange. Haikuchukua dakika kumi, mistari miwili ikajaa.

Sasa ni saa tano uwanjani Biharamulo, jua limepanda, na kundi la Ngara linaitwa. Mistari miwili inaingia na kutazamana, mafundo ya kulia huku, ya kushoto kule. Viongozi wako kwenye viti, na yule mtu wa shirika yuko pembeni yao na daftari lake.

Kanyago la kwanza linatua. Ishirini na nne kwa moja, vumbi linaruka mara moja tu. Mistari inateleza upande mmoja, inarudi, inakaribiana hadi vidole vya huku karibu viguse vya kule, inaachana. Shibuda anasubiri, anasubiri, kisha anapiga. Shingo zinainama kwa kuchelewa, kama inavyotakiwa, na uwanja unalipuka kwa vigelegele. Wanawake wa kikundi kingine wanaingia uwanjani bila kuitwa. Mwandishi anajikuta amesimama juu ya kiti cha watu, na hana la kujitetea.

Ngoma inarudiwa mara mbili. Mtu wa shirika anakuja nyuma ya lori, anampa Generoza mkono na kumwambia darasa linaendelea hadi mwakani. Generoza anaitikia "asante, baba," kisha anakaa chini kwenye majani kana kwamba ameagizwa. Kanyange anakaa karibu naye.

Mwandishi anamuuliza Generoza ana mpango gani. Anasema atawafundisha wasichana wa kambini na wa kijijini mistari yote miwili, wa kulia na wa kushoto, kila mmoja ajue pande zote. Na Burundi ikitulia, anataka kwenda na Kanyange hadi ule ua, kama bado upo, wacheze amahembe siku moja tu.

"Na watoto watakaotazama?" anaulizwa. "Safari hii utawakalisha nyuma, wasije wakakosea?"

Generoza anatoa pini ya mwisho mdomoni, anaifuta kwa kitenge, anafikiri. Anamtazama Kanyange, aliyekuwa wa tatu kwenye mstari.

"Hapana," anasema. "Nitawakalisha palepale mbele, kando ya minyaa. Ili wakipotea, mtu wa kwetu awatambue."