Matanga ya Mwenyeji wa Gatina

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliingia Kianda, Kibera, na viatu vya kuazima, shule niliacha darasa la sita, na leo nina vyumba vya kupangisha huko huko na mjengo wa ghorofa nne Gatina, Kawangware. Mitaro nimechimba, vyoo nimechimba. Ardhi ya Nairobi naijua hadi chini.

Huo msingi wa Gatina ulikuwa umewafika vibarua kifuani waliposimama wote. Chini kulikuwa na mifupa ya mtu, magoti yamefika kidevuni.

"Huyu ni mwizi," akasema fundi wangu, Mkamba mmoja wa maneno mengi. "Alikunjwa akatupwa. Shimo lenyewe fupi hata kwa mbuzi."

"Ama jamaa zake walikosa pesa ya sanduku," nikasema, tukacheka.

Polisi walitazama, wakasema hiyo ni ya zamani kuliko kesi zao zote, wakamwita mtaalamu wa mambo ya kale. Akaja mama mmoja mwembamba, akalala kifudifudi kwenye vumbi langu na brashi siku mbili nzima. Mimi naangalia mawingu tu. Mvua ikinyesha msingi ukiwa wazi, kuta za shimo zinaanguka na pesa zangu zinaenda nazo.

Siku ya tatu akatuita.

"Mtu aliyetupwa hulala ovyo. Huyu mkono uko chini ya shavu. Shimo si fupi, lilichimbwa kwa kipimo chake. Na hili bakuli la jiwe limesimama wima mbele ya uso. Lilichongwa siku nyingi, na bado wakamwachia."

"Zamani gani hiyo, madam?" nikauliza.

"Maelfu ya miaka. Chuma kilikuwa bado."

Fundi akavua kofia.

Mama alipotaka kubeba mifupa akaichunguze, vibarua, karibu wote watu wa kwetu magharibi, wakajipanga kwenye geti.

"Mkubwa, maiti haitoki nyumbani hivi hivi."

"Nyumbani gani? Hapa ni Kawangware!"

"Sisi tukifa tunachangiwa, tunapelekwa kwetu. Huyu kwao ni hapa, na mwenye boma ni wewe. Bila matanga, hatushiki jembe."

Nikatazama mawingu, nikatuma mtu akanunue mbuzi.

Kesho yake watu walijaa hadi wa kutoka Kongo, mtaa wa jirani hapo Kawangware. Nikasimama kuhutubu, na mimi kuongea sijawahi kushindwa na mtu. Lakini nilipofika pa kusema marehemu alikuwa mtu wa aina gani, nikakwama. Yule mama akaninong'oneza, "Sema hakuzikwa kwa haraka. Hilo tunalijua."

Nikasema hivyo. Wakaitikia "Amina!" kwa nguvu, mama mmoja akalia kabisa.

Mifupa ikapakiwa taratibu, na kabla ya saa nane majembe yalikuwa yanalia tena. Mvua ilikuja Jumapili, ikakuta msingi umeshamwagwa zege.

Mbuzi, sukari, mandazi, viti vya kukodi na mishahara ya siku nne bila kazi: shilingi elfu thelathini na nne, mia sita na ishirini.