Hewa Iliyobaki Mtungini

Wajukuu wananiambia siku hizi huko hospitali kubwa ipo mashine inayompimia mgonjwa hewa yenyewe. Damu ikipungukiwa inaongeza, ikitosheka inapunguza, haingoji mtu. Sawa. Mume wangu alipougua, mashine ilikuwa baba yake.

Mimi shule sikwenda. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, kijiji chetu cha ujamaa upande wa Usoke, mtoto mgongoni, na mwalimu alikuwa mkali, lakini ya mwalimu tuyaache. Kijiji kilikuwa cha tumbaku. Baba mkwe ndiye aliyekuwa bingwa wa bani, lile banda la kukaushia majani kwa moto. Alichungulia rangi ya jani tu, akasema ongeza kuni, au toa. Moto ukizidi jani linaungua, ukipungua linaoza. Vijiji vya mbali vilimwita.

Masika moja mume wangu akashikwa na kichomi. Dawa za zahanati zikashindwa. Tukampandisha treni mpaka Tabora, kichwa chake kwenye magoti ya baba yake, mimi behewa hilohilo nimekaa mbali, nimewapa mgongo. Kwetu mke wa mtu hamkaribii baba mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, na akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Wa leo wanacheka. Wacheke.

Wodini wakamwekea mpira puani, umetoka kwenye mtungi wa chuma ulionifikia kifuani. Juu pana koki, na kichupa chenye kigololi kinachoelea, hewa ikiongezwa kinapanda, ikipunguzwa kinashuka. Daktari akasema mapafu yamejaa, na mtungi ni huo mmoja. Mingine iko kwenye treni ya mizigo, na treni imekwama Tura, maji yamekula tuta la reli.

Nesi alikuwa mmoja kwa wodi mbili. Akamweka mzee kando ya mtungi.

"Mzee, kigololi kikae hapa. Usikiguse. Ukiona kucha zinageuka bluu, niite."

"Nimeelewa, binti yangu. Ni kama bani."

"Si bani, mzee."

"Rangi ni rangi."

Kiti kilikuwa kimoja, naye ndiye aliyekikalia, kwa hiyo mimi nilibaki barazani, dirishani. Nikamwona anafunua kucha za mwanawe, anatazama, anakaza koki kidogo. Anatazama tena.

Nesi aliporudi akauliza, "Nani kakishusha?"

"Kucha zimekuwa nzuri. Nikaona tupunguze, hewa itufikishe mpaka treni ije."

Nesi alikuwa Mzaramo, mtani wa kabila letu. "Nyie wapagazi nyie. Babu zenu walibeba pembe mpaka pwani, sasa hata pumzi mnataka kubeba akiba?"

Wodi ikacheka, mzee naye akacheka. Nesi akapandisha kigololi, akaenda zake. Mzee akangoja viatu vyake visisikike, akakishusha.

Kucha zilibaki nzuri, hilo nalisema. Ila mimi nilikuwa natazama mbavu. Zilikuwa zinadidimia, na shingo inavutika kama ya mtu anayeinua gunia. Kwenye kitanda cha dirishani alilala fundi cherehani wa mjini. Nikamwomba, "Mwambie baba, mwanawe anatweta."

Fundi akageuka. "Mzee, mkweo anasema mgonjwa anatweta."

"Mwambie nimeona. Jani likianza kukauka hujikunja. Rangi ipo palepale."

Fundi akanitazama. Nani angempita mzee yule, aingie, ashike koki?

Alasiri mume wangu akatulia. Mzee akafurahi, akasema, "Ameiva sasa, anapumzika." Nesi akapita na sinia la dawa, akaliacha chini, akafungua koki yote. Kigololi kikaruka mpaka juu. Daktari akaitwa, wakamkandamiza kifua, wakaacha.

Daktari alisema mapafu yale yasingepona hata kama hewa ingekuwa ya bahari nzima. Labda kweli. Labda alimwonea huruma mzee.

Kisha wakauvuta mtungi kwenda kitanda cha mlangoni, kwa mtu wa Ntalikwa aliyekuwa anahema kama mvukuto. Mzee akamwacha mwanawe chini ya shuka, akaufuata. Akasimama pale, mkono ameunyosha kuelekea koki. "Mfungulieni yote," akasema. "Yote. Msibakize." Nesi akamshika bega, akamtoa nje polepole, safari hii bila utani.

Barazani akaja mpaka nilipokaa. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Hewa imebaki nyingi?"

"Imebaki, baba."

Akakaa chini sakafuni karibu yangu, na hakuna aliyesogea.