Nondo Ndani ya Mkono wa Trela

Siku yangu ya kwanza kwenye gereji ya Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Foreman hakunipa mashine ya kuchomelea. Alinipa nyundo ndogo. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, nimemaliza kozi ya ufundi na wasichana ambao ningeweza kuwazaa, na nilidhani mzee ananidharau kwa sababu ni mwanamke. Wapi! Kila fundi pale alianza hivyo.

Kazi ilikuwa kugonga slagi, lile ganda linaloachwa na rodi juu ya chuma ukishachomelea. Ukiligonga likatoka, unaona ukweli. Kazi nzuri ina mistari iliyopangana. Mbaya ina vitobo, ama chuma imelala juu tu bila kuingia kwa sababu moto ulikuwa mdogo. Foreman alikuwa mkali ajabu. Trela ya kupeleka plau Endebess haikupakwa rangi kabla hajaiona. Mzigo ulifungwa pembe zote nne, na alivuta kila mnyororo kwa mkono wake. Halafu kulikuwa na mnyororo wa usalama, wa kuunganisha trela na trekta, ili mkono wa trela, ile chuma ndefu inayoishika trekta, ukikatika, trela isitoroke. Nilimchukia miezi mitatu, kisha nikampenda kama baba.

Baada ya miaka minne nikahamishiwa tawi la Bungoma. Huko hakukuwa na Foreman. Kulikuwa na Meneja, mtu wa shati jeupe, na foleni ya trela za miwa. Mafundi walikuwa na ujanja wao: mwanya kati ya vyuma viwili ukiwa mpana, unakata vipande vya nondo, zile za kujengea nyumba, unavishindilia ndani, unachomelea juu juu, unapaka rangi nyeusi chuma ingali moto. Inang'aa vizuri sana! Mwanzoni nilipiga kelele. Baadaye nilichoka, na hapo nyinyi vijana nisikilizeni, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha kuchoka.

Asubuhi moja dereva wetu, Barasa, alileta trela yenye ufa kwenye mkono. Alikuwa apeleke mashine ya kupukuchua mahindi Kimilili, na mwenye mashine alikuwa ofisini kwa Meneja, anangoja. Nilipofungua ule ufa kwa grainda ya kukatia chuma nikakuta chuma imeoza ndani. Ilitakiwa ikatwe yote iwekwe mpya, kazi ya siku nzima. Meneja akaniambia mwisho ni saa sita. Nikashindilia nondo. Mimi, kwa mikono hii. Halafu wakati wa kufunga mzigo tukakuta mnyororo mmoja umepungua. Barasa akauliza tufanyeje, nikamwambia achukue ule wa usalama. Aliniuliza mara mbili kama mkono uko sawa.

"Nenda bana," nikamwambia, "iko sawa."

Kwenye mlima kabla ya kufika Kimilili mkono ulikatika. Trela ilirudi nyuma na mzigo wote, ikampata mama mmoja aliyekuwa anatembea kando ya barabara na mtungi wa maziwa. Alikufa pale pale.

Trela ilipovutwa kurudi kwetu, niliona vipande vyangu vya nondo vimechomoza kwenye mkato kama meno. Meneja akaja akasimama kando yangu.

"Mama Njeri," akasema polepole, "wewe ulipaka rangi tu. Umesikia?"

Nilisikia. Jioni hiyo mkono ulikatwakatwa ukaenda na chuma chakavu. Korti ikaamua kwamba dereva aliendesha ovyo, na Barasa akafungwa miaka miwili. Mimi niliendelea na kazi, nikasomesha watoto wangu wote, nikaagwa kwa keki na hotuba.

Watu huniuliza kama nimemiss kazi. Ninachokumbuka ni kwamba miaka yote hiyo nilijiambia nitaenda kwa Barasa nikistaafu, kana kwamba hilo ni jambo la likizo. Ni aibu tupu. Mwaka jana ndio nilikwenda, nyumbani kwake Kibabii. Amezeeka kuliko mimi. Nilimwambia yote bila kupamba.

"Si niliona nondo siku ile ile," akasema, "tukiwa bado barabarani. Nilisema kortini, lakini chuma haikuwako, nani angeniamini? Nikajiambia, Mama Njeri ni mtu wa kanisa, atakuja mwenyewe. Nilingoja uje kabla watoto wangu hawajaacha shule."

Nilishindwa kumtazama. Binti yake mkubwa, aliyeachia shule kidato cha pili, akaingia na chai, akanikaribisha kwa heshima, hajui mimi ni nani. Alikuwa amekua akisikia sokoni kwamba baba yake aliua mtu kwa kukimbiza trekta. Barasa akanitikisia kichwa ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimwomba huyo binti aketi, nikaanza tena tangu mwanzo.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akakichukua kikombe mbele yangu, chai ikiwa bado imejaa, akatoka nayo nje akaimwaga.