Sekunde Mbili za Manjano

Nakumbuka asubuhi niliyotia sahihi barua ambayo ningepaswa kuirudisha mezani bila kugusa kalamu. Ilisema kwamba vipimo vya Wangari, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, si vya kutegemewa.

Mwanangu, miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa fizikia mjini Nyeri, kijana mwenye tai na shaka nyingi. Taa za kuongoza magari zilikuwa zimewekwa karibuni kwenye makutano, chini ya mteremko. Nikaeleza darasani: lori lenye mzigo likiteremka halisimami papo hapo. Dereva anahitaji muda wa kuona, wa kukanyaga breki, na wa lori lenyewe kutulia. Taa ya manjano ikiwaka kwa muda mfupi mno, kuna kipande cha barabara ambapo hawezi kusimama wala kuvuka kabla ya nyekundu. Nikapiga hesabu ubaoni: manjano idumu sekunde nne. Kisha nikawapa saa ya michezo wakapime.

Wengine wote walirudi na nne. Wangari alirudi na mbili.

"Ati mbili!" wenzake wakacheka. "Hiyo ni saa ya babako!"

Baba yake, Gachanja, dereva wa lori la kahawa kutoka Mukurweini, alikuwa ameshtakiwa kwa kupita taa nyekundu kwenye makutano hayo hayo na kugonga mkokoteni wa kabichi. Wangari alitaka daftari lake lifike kwa hakimu.

Mwalimu mkuu akaniita. "Wewe huoni? Huyu anampikia babake hesabu. Tia sahihi hapa, shule isiburutwe kortini."

Niliona, au nilidhani naona. Siku hiyo hata adabu ya msichana yule niliitilia shaka.

"Mwalimu, si uende tu upime?" Wangari aliniambia. "Ni hapo chini."

Ulikuwa mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Nikatia sahihi.

Gachanja akanyang'anywa leseni. Wangari akaacha shule, akaenda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu. Hapo ndipo nikateremka na saa mkononi. Mbili. Nikarudia mpaka mkono ukachoka: mbili. Wale wengine, nilipowabana, walikiri hawakufika makutano. Walikaa kwenye kibanda cha mandazi, wakaandika jibu la ubaoni kwa kuwa walijua ndilo nililotaka. Nikamwandikia mwalimu mkuu kukana barua ile. Akaifungia kwenye droo. Kortini sikwenda. Niliogopa kupoteza kazi.

Mwanangu, kushuku si dhambi. Lakini ukimshuku mtu, nenda ukaangalie mwenyewe kabla hujaweka jina lako chini ya karatasi. Na anayekuletea jibu lile lile ulilolitamani, mshuku huyo kwanza. Mungu akulinde barabarani, na akupe miguu isiyochoka kwenda kuhakikisha.

Mimi, sahihi ile ilinigharimu ualimu wangu. Niliendelea kusimama mbele ya ubao kwa miaka mingi, lakini tangu Wangari aondoke, hakuna mwanafunzi aliyeniletea kipimo bila kwanza kuniuliza nilitaka kiwe ngapi.