Neema wa Duka la Dawa za Mifugo

Leo nimempelekea nanasi mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mwezi mzima nachati na Neema wa duka la dawa za mifugo hapa mjini. Kuku wangu kule Bigwa wakikohoa, ananijibu papo hapo. Hata mama alipolazwa, aliniandikia, "Pole dada, tunamwombea."

Nafika dukani na nanasi langu la shukrani. "Shikamoo baba. Namuulizia Neema."

"Marahaba." Mwenye duka akacheka, kisha akaona sitanii. "Neema si mtu, mwanangu. Ni akili mnemba, inajibu wateja."

Wateja wawili wakageuka kunitazama. Aibu niliyoiona!

Lakini hofu ikanishika. "Na dozi ya kuku aliyonitumia asubuhi, kuna mtu aliipitia?"

Akaomba simu yangu, akavaa miwani, akasoma.

"Umeshawapa?"

"Bado."

"Usiwape. Hiki ni kipimo cha ng'ombe."

Akaniomba radhi, akaniandikia kipimo sahihi kwa mkono wake, na namba yake chini.

Nikaipiga palepale, mbele yake. Simu ilipoita mfukoni mwake, ndipo nikaondoka.

Jamani, hao mnaochati nao madukani, mmeshawahi kuwaona?